Andika Iliyo Kubwa

Miaka mitatu nimenyoosha mkono wa kushoto.
Wa kulia ulishika kadi, au mjukuu,
au ulinuka salfa ya mikorosho nikaona haya.
Kituo cha afya Kitangari, foleni ya Jumanne,
ukungu wa Juni bado umekalia bati,
mkanda ukanikaba, mashine ikanguruma,
kijana wa zamu akasema lile lile:
"Mia na thelathini na mbili, mama. Uko vizuri."
Nikarudi nyumbani niko vizuri.
Kizunguzungu nikakiita njaa.
Kichwa kikipasuka, nikasema ni jua.

Leo yuko mgeni, Sista Fidea Nandonde,
kahamishiwa kwetu kutoka Liwale.
Kapima kushoto. Kanyamaza.
"Nipe na wa pili."

Nikacheka. Wa pili wa nini? Damu si moja?
Moyo nilipewa mmoja, sikugawiwa miwili.
Mkanda ukapanda kulia, mkono wa kazi,
huu uliobangua korosho mpaka mafuta ya ganda yakala ngozi,
huu uliopandisha debe kutoka bondeni
enzi ambazo bomba lilikuwa ahadi ya mkutano.
Mashine ikabana, ikapitiliza, ikabana,
nikasikia mshipa ukipiga hodi kwenye kiwiko.
Mia na sitini na nane.

Akarudia. Nisiongee, nisikunje miguu.
Kushoto: mia na thelathini na moja.
Kulia: mia na sitini na sita.

Namba za namna hii nazijua.
Sikuzisoma shule, nilizisoma ghalani.
Marehemu Bakiri alipima gunia nyumbani
kwa mizani ya kuazima: kilo themanini na tatu.
Ghalani karani akatazama mshale,
akatazama dari,
akaandika sabini na nane.
"Kilo tano zimekwenda wapi?"
"Unyaufu."
Kutoka kwetu hadi ghalani ni hatua mia sita.
Korosho zilinyauka kwa hatua!
Tangu siku hiyo najua: mizani mbili zikigombana,
mwenye kalamu huandika ndogo,
mwenye mali huweka dole gumba.

Basi nikamwambia Sista, andika ya kushoto, tumeizoea.
Nikavuta mtandio. Nyumbani nina ming'oko jikoni.

Hakuandika. Alinishika mikono yote miwili,
vidole juu ya mishipa, macho kayafumba.
"Huku inakuja kwa nguvu. Huku inachechemea,
kama maji kwenye bomba lenye kutu.
Huenda mshipa umesinyaa huko juu, karibu na bega.
Mkono huu haukukudanganya, mama.
Ulisema kile kilichoufikia."

Nikautazama mkono wangu wa kushoto.
Miaka mitatu nimeuamini kwa sababu ulinisifu.
Wa kulia hakuna aliyeuuliza.
Na Bakiri, yeye walimpima upi?
Alianguka asubuhi ya mnada wa pili,
jina lake likiwa bado linaitwa.

"Sasa tunafuata upi?"
"Ulio juu."
Na kwenye kadi, kwa kalamu inayokwama,
akaikokoteza mara mbili ile mia na sitini na nane,
akaizungushia duara, akaandika pembeni: KULIA.
Barua ya kwenda Ndanda akaikunja mara nne.

Niliogopa. Nisiseme uongo, niliogopa.
Lakini, Mungu anisamehe,
nilitoka pale kama mtu aliyelipwa:
tangu nizaliwe, mizani mbili zimegombana juu yangu
na mwenye kalamu kaandika kubwa.

Nyumbani ming'oko ilikuwa imeungua.
Nikaila hivyo hivyo, bila chumvi.